Jina moja halitoshi: kashfa ya gazetini na mzee wa Mwaloni

Alikuja ofisini asubuhi, gazeti letu kalikunja ndani ya kiroba kinachonuka dagaa. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akalitandaza mezani na kuweka kidole juu ya mistari minne niliyoiandika mimi.

"Mwanangu, mimi kizimbani nimepanda lini?"

Miaka hiyo nilikuwa naandika habari za mahakamani hapa Mwanza. Habari yenyewe ilikuwa ya kweli: mfanyabiashara wa samaki alishtakiwa kwa kukutwa na makokoro, nyavu za kukokota zilizopigwa marufuku. Hati ya mashtaka ilikuwa na majina yake matatu, umri na makazi, Sengerema, na vyote nilivituma. Kwa mhariri nafasi ikabana, yakabaki majina mawili na maneno "mfanyabiashara wa samaki, Mwanza". Sasa nenda Mwaloni, soko la samaki pale Kirumba, uite "Masanja!" uone wangapi watageuka. (Jina la mzee si hilo, ila ni la aina hiyo.) Wateja wake wawili walikuwa wameshaacha kupokea simu zake.

Nikajibu kitoto: "Mzee, hatukukusudia wewe." Jibu hilo usilitegemee kwenye kesi ya madai ya kashfa, yaani ya kumchafulia mtu jina. Sheria yetu ya madhara, ile inayompa aliyeumizwa haki ya kudai fidia, imerithi ya Waingereza, na huko mwaka 1910 gazeti la Hulton lilibanwa kwa mtu wa kubuni tu, lililompa jina la Artemus Jones. Akajitokeza wakili mwenye jina hilo hilo, akalipwa pauni 1,750. Mwaka 1940 ikaja kesi ya Newstead, ambayo ni kama ya mzee wangu: gazeti liliandika ukweli kuhusu Harold Newstead aliyefungwa kwa kuoa wake wawili, akalalamika Harold Newstead mwingine, kinyozi. Mahakama ikasema ukweli kuhusu mmoja hauzuii kumchafua mwingine.

Vijana huniuliza, nikiweka "inadaiwa" si nimepona? Hujapona. Ukirudia uzushi wa mwenzio umeubeba wewe. Na "jina tumelihifadhi" halisaidii kitu ikiwa umetaja mtaa, duka na rangi ya gari lake.

Ukweli ndio utetezi mkubwa, lakini mzigo wa kuuthibitisha ni wako, si wa aliyeandikwa. Hapo ndipo magazeti mengi huanguka. Habari unaijua, mtaa mzima unaijua, ila chanzo chako kilikunong'oneza kwenye mgahawa wa Igogo na mahakamani hatakanyaga. Kabla habari haijatoka jiulize: nani atapanda kizimbani kunisemea? Mimi siku hizi siandiki habari ya mahakama bila nakala ya hati mkononi, na daftari langu lina tarehe na saa niliyompigia mhusika kutaka upande wake. Daftari hilo usilitupe mapema; mtu ana miaka mitatu ya kufungua madai.

Maoni nayo yana kinga yake, mradi yasimame juu ya mambo ya kweli na yahusu maslahi ya umma. Taarifa ya haki na sahihi ya yaliyosemwa mahakamani ina kinga pia. Neno "sahihi" ndilo lililotunyima usingizi sisi, kwa yale tuliyoyakata.

Wengine walisikia kwamba mwaka 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha ilisema vifungu vya kashfa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya, wakadhani mambo yameisha. Madai ya fidia yapo palepale, na anaweza kuunganishwa mwandishi, mhariri na mmiliki wote kwa pamoja.

Mzee hakwenda mahakamani wala Baraza la Habari, ingawa njia zote mbili zilikuwa wazi kwake. Mhariri alitaka kumpa mistari miwili ukurasa wa ndani kabisa. Nikagoma, kwa mara ya kwanza kazini. Tukaomba radhi ukurasa ule ule, kwa herufi zile zile, tukiandika majina matatu ya mshtakiwa na kwamba si mzee wa Mwaloni. Aliomba kitu kimoja zaidi: nakala ishirini. Wiki iliyofuata niliikuta moja imegandishwa kwa gundi ya plastiki juu ya mizani yake, magamba ya sato yameshaanza kuifunika. Akanipimia kilo mbili. Bei haikupungua.