Plagi kuingia, kulingana na kuoana

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi kompyuta hapa Ngamiani, Tanga. Vijana ninaowafundisha nimewaandikia karatasi ya kubandika ukutani: "Hakikisha plagi ya 24 pini ya pawasaplai inaingiliana na mazabodi." Pawasaplai ni kile kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme, na mazabodi ni ubao wake mkuu. Fundi mwenzangu anataka niandike "inalingana". Kijana mmoja anasema "inaingia" yatosha. Tufuate lipi?

JIBU: Marahaba, fundi. "Inaingiliana" iondoe leo. Kitenzi hicho kimekwisha kukaa kwenye maana ya vitu kuvurugana: ratiba zimeingiliana, masafa ya redio yameingiliana. Msomaji atadhani unamwonya juu ya hitilafu. Tena kina maana nyingine, ya faragha, isiyofaa kubandikwa ukutani mbele ya wateja.

Kijana wako amepatia nusu. Kuingia ni habari ya tundu na umbo tu, na katika kazi yenu hapo ndipo hatari ilipo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Dell iliuza kompyuta zenye plagi iliyofanana na ile ya kawaida ya ATX, yaani ule mpangilio wa pamoja wa mazabodi na pawasaplai unaofuatwa na kampuni nyingi, ilhali mpangilio wa umeme kwenye pini zake ulikuwa wa kwao peke yao. Mtu aliyenunua pawasaplai ya kawaida akaichomeka humo aliona plagi inaingia vizuri, ulimi wake unabana, kisha akiwasha anaunguza pawasaplai au mazabodi yenyewe. Plagi iliingia kwelikweli, na neno "inaingia" halikumkinga na chochote.

Na mwenzako? Kulingana ni kuwa sawa kwa kipimo, kwa idadi au kwa kimo. Sasa tazama: ATX ya mwaka 1995 ilikuja na plagi ya pini 20, na ATX12V toleo la 2.0, mwaka 2003, ikaleta ya pini 24. Ukiichomeka ile ya 20 kwenye soketi ya 24, matundu 4 yanabaki wazi, na bado mashine nyingi huwaka. Kwa idadi hazikulingana, kwa kazi zimepatana. Kwa hiyo "inalingana" litamfanya kijana ahesabu pini na kuishia hapo. Neno hili lihifadhi kwa volti, maana huko usawa ndio unaotakiwa: 12 kwa 12, 5 kwa 5.

Mimi ningeandika "inaoana". Tunasema rangi zimeoana, mlango na fremu vimeoana. Na sisi wa pwani tuna "kuchukuana" pia, kama kanga na blauzi zinavyochukuana, neno zuri ambalo nasikitika kuona vijana wanaliacha. Ila kuchukuana kumeegemea zaidi kwenye kupendeza. Kuoana kunabeba umbo na mpangilio kwa pamoja, na vyote viwili unavihitaji kwenye plagi za pini 8. Ya prosesa na ya kadi ya michoro ukizitazama harakaharaka ni ndugu. Zitazame karibu: vijumba vya pini vimechongwa tofauti, vingine mraba, vingine pembe zimekatwa, na upande wa volti 12 wa moja ndio upande wa waya nyeusi, zile za kurudishia umeme, wa nyingine. Ukilazimisha kwa nguvu ya kidole gumba, inaweza kuingia. Kuoana, haioani.

Angalia na kiunganishi. Kauli ya kutendana hutaka "na": plagi inaoana na soketi, au plagi na soketi zinaoana. "Inaoana kwenye soketi" ni kosa ninalokutana nalo mara nyingi kwenye maelekezo ya vifaa.

Hukuuliza, lakini "24 pini" nayo igeuze. Kiswahili hutanguliza kitu, idadi ikafuata: pini 24, kama vile watu watatu, siku mbili. Na usipoteze muda kutafuta badala ya "pawasaplai" na "mazabodi". Vijana wako wanayaelewa, na karatasi ni yao.

Basi iandike hivi: "Kabla ya kuwasha, hakikisha plagi ya pini 24 inaoana na soketi ya mazabodi, na volti zinalingana. Ikigoma kuingia, usiilazimishe."