Kabla hujaongeza emulsifaya, tazama mpaka wa mafuta na maji

Wadogo zangu mnaoanza kutengeneza losheni na sabuni ya maji, kuna jambo natamani ningeelezwa siku ya kwanza. Nilipoanza hapa Pasua, Moshi, losheni ya mafuta ya parachichi ilijitenga ndoo nzima: mafuta juu, maji chini. Kila niliyemuuliza alisema niongeze emulsifaya, kile kiungo cha kushikanisha mafuta na maji. Nikaongeza. Ikajitenga tena.

Emulsifaya ni jamii ya safaktanti, ndugu wa sabuni. Kila molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Makazi yake ni mpakani, pale mafuta yanapogusana na maji: kichwa kinazama majini, mkia unaingia kwenye mafuta. Zikiwa chache zinasimama zimeachana. Zikiongezeka zinabanana bega kwa bega mpaka nafasi inakwisha. Zinazokosa nafasi hujikusanya majini kwa makundi, mikia ndani, vichwa nje. Makundi hayo huitwa miseli.

Usikubali kwa sababu nimesema mimi. Chukua bomba la sindano, jaza maji, zamisha ncha kwenye glasi ya mafuta ya alizeti, kisha sukuma taratibu. Tone linaning'inia, linanenepa, ndipo linaanguka. Sasa rudia kwa maji yenye sabuni. Matone yanakuja madogo na ya haraka, kwa kuwa mpaka ule umelegea na hauwezi tena kubeba tone zito. Agnes Pockels, mwanamke wa Ujerumani ambaye hakusoma chuo kikuu, alichunguza mambo ya namna hii jikoni kwao kwa kibeseni cha bati, na barua yake ikachapishwa katika jarida la Nature mwaka 1891. Kwa hiyo kukosa maabara kusikuzuie.

Sasa piga hesabu. Mililita 100 za mafuta, ukizipasua kuwa vitone vyenye kipenyo cha sehemu moja ya elfu ya milimita, zinakupa mpaka wa mita za mraba 600. Uwanja wa mpira wa kikapu ni 420! Molekuli moja ya emulsifaya hukalia kama nusu ya nanomita mraba (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), kwa hiyo kuufunika mpaka wote huo kunahitaji gramu moja hivi, au pungufu. Sisi huweka zaidi, lakini sehemu kubwa ya hiyo ziada ni ya kunenepesha losheni. Kumbe emulsifaya yangu ilikuwa inatosha tangu mwanzo. Haikufika mpakani.

Ilikuwa Julai, na mnaijua baridi ya asubuhi ya Moshi. Niliyeyusha nta ya emulsifaya kwenye mafuta ya moto, nikamimina kwenye maji ya bombani. Nta ikaganda palepale, chembe nyeupe zikaelea, na vitone vya mafuta vikabaki uchi. Vikigongana, vinaungana. Siku hizi napasha vyote viwili hadi nyuzi 70, kila kimoja kwenye sufuria yake, nahakikisha kwa kipimajoto, ndipo namimina mafuta kama uzi huku mashine ikikoroga. Kitone kipya kinahitaji kuvikwa kabla hakijakutana na mwenzake, na ukimwaga yote kwa mkupuo hakipati muda huo. Kisha naendelea kukoroga hadi ipoe.

Wa sabuni ya maji, chumvi yenu nayo inafanya kazi kwenye vichwa hivyohivyo. Vichwa vya slesi (SLES, safaktanti tunayotengenezea sabuni ya maji) vina chaji hasi, vinasukumana. Chumvi inapunguza msukumano huo, vinasogeleana, miseli zinarefuka kama minyoo na kusokotana, sabuni inakuwa nzito. Ukizidisha, inarudi kuwa maji, na chumvi zaidi haiokoi kitu. Iyeyusheni chumvi kwanza kwenye maji, muiongeze kijiko kwa kijiko, na msubiri povu litulie kabla ya kuongeza kingine.