Kuku si panya wa jangwani

Swali: Daktari, nafuga kuku wa mayai hapa Buhongwa, Mwanza. Maranda yanaloa na banda linanuka. Muuza vifaranga kanionyesha video ya panya wa jangwani asiyekunywa maji, akasema kuku naye hakojoi, hivyo niwape maji asubuhi tu. Nimeanza juzi. Ni sawa?

Jibu: Warudishie maji sasa hivi, utamalizia kusoma baadaye.

Panya huyo yupo kweli, kwenye majangwa ya Marekani. Maji yake hutoka kwenye mbegu zenyewe: gramu moja ya mafuta ikiunguzwa mwilini hutoa takribani gramu moja ya maji. Mchana kutwa yuko shimoni, pua yake hupoza hewa anayoitoa ili mvuke usipotee, na mkojo wake ni mzito mara nne hivi kuliko wa binadamu.

Hilo la “kuku hakojoi” ndilo linalonichosha. Anakojoa! Ule weupe juu ya kinyesi ndio mkojo wake, na hapo kweli anaokoa maji. Ila figo zake hazifikii hata robo ya nguvu za yule panya. Jasho hana, bati likishika moto saa nane mchana anahema mdomo wazi, na maji yanatoka kwa kila pumzi. Halafu kuna yai, karibu robo tatu yake maji matupu. Wapo ndege wadogo wa Australia wanaostahimili muda mrefu kwa mbegu kavu, lakini hao hawatagi kila siku chini ya bati. Kuku wako anahitaji maji kama mara mbili ya uzito wa chakula chake, na joto likizidi, zaidi ya hapo.

Huku kwetu kuna na dagaa wa kuchanganya kwenye chakula cha kuku. Wakiwa wa chumvi, kuku aliyenyimwa maji anayumba, miguu inalegea, anakufa, na mwenye banda anasema ni kideri, ule ugonjwa wa virusi unaoua kuku. Chumvi hiyohiyo huwafanya wanywe sana na kuharisha majimaji, kwa hiyo onja dagaa wako kwanza. Kisha inua vyombo vya maji, ukingo ulingane na mgongo wa kuku, na ufungue madirisha yaliyozibwa kwa viroba.

Kunyima maji saa moja au mbili kabla ya chanjo ya kunywa ni jambo jingine, na hufanyika asubuhi kukiwa na ubaridi. Hawa wauzaji wamelichukua hilo wakaligeuza dawa ya kila tatizo: wanyime maji kutwa, kisha wape antibayotiki. Kuku mwenye kiu hugida dozi kubwa, mnyonge anakosa, na mayai yanakwenda sokoni na dawa ndani. Ukiona damu kwenye kinyesi, mpeleke kuku mmoja kwa daktari wa mifugo wa eneo lako kabla hujanunua kopo lolote.