T-Maxx inayopandisha mzunguko yenyewe: usiguse sindano kwanza, tafuta inapovuta hewa

Mkuu, umesema umenunua T-Maxx 3.3 iliyotumika (lile gari dogo la rimoti lenye injini ya mafuta), inawaka vizuri, ila ukiachia mafuta mzunguko wa injini unabaki juu sekunde kadhaa kabla ya kushuka, na ukivuta tena ghafla inazima. Fundi kakwambia injini imekufa, uagize nyingine. Usiagize bado. Ugonjwa huo ulinimalizia wiki tatu za kiangazi hapa Minneapolis, na haukuwa injini.

Yangu niliipata vipande vipande ndani ya boksi, imekaa miaka bila kuguswa. Nikaisafisha, nikabadilisha beringi mbili za krenki (zilikuwa na kutu, kwa sababu mabaki ya mafuta haya ya methanoli na nitromethani yakilala ndani hula chuma), nikaifunga, ikawaka. Basi nikaanza kucheza na sindano za kabureta, zile skrubu za kupimia mafuta. Asubuhi inakwenda vizuri, mchana inakataa. Nikipunguza mafuta inachemka, nikiongeza inajaa na kuzima. Niliunguza plagi nne kabla sijaacha bisibisi na kujiuliza hewa inaingilia wapi.

Injini hizi ndogo hazina pampu. Presha ya moshi kutoka kwenye ekzosi hupita kwenye mpira mwembamba, inasukuma mafuta kutoka kwenye tangi, na mvuto wa injini yenyewe unayanyonya kupitia kabureta. Tundu la ukubwa wa ncha ya sindano likiwa popote kwenye njia hiyo, mchanganyiko unabadilika na hakuna mzunguko wa skrubu utakaoutuliza. Na kumbuka oili ya kulainisha imo ndani ya mafuta hayohayo. Mafuta yakipungua, oili nayo imepungua, pistoni inasuguana kavu. Ndiyo maana naogopa sana injini inayovuta hewa kuliko inayotoa moshi mwingi.

Fanya hivi. Toa injini nje, ziba tundu la ekzosi kwa kipande cha mpira, ziba mdomo wa kabureta kwa kidole, kisha chomeka mpira wa silikoni kwenye njia ya mafuta ya kabureta na uipulizie ikiwa imezamishwa kwenye ndoo ya maji. Angalia mapovu. Machache mbele kwenye beringi ya krenki ni kawaida, yasikutishe. Lakini yakitoka kwenye kifuniko cha nyuma au shingo ya kabureta, pale inapoingia kwenye injini, umempata mwizi. Kwangu ilikuwa shingo: oringi, ile pete ya mpira ya kuziba, ilikuwa imekauka mpaka inakatika mkononi. Nilipaka silikoni ya gasketi inayovumilia joto, safu nyembamba tu, nikaiacha usiku kucha. Ukimaliza na maji kausha mara moja na utie oili, maana kutu haisubiri, hasa kwa unyevu wa huko kwako Dar.

Kabla ya kufunga, pima pia tangi. Ziba mpira mmoja, pulizia mwingine, zamisha. Mara nyingi oringi ya mfuniko ndiyo imechoka. Mipira ya mafuta usiipime, badilisha tu, ni bei ndogo.

Sasa, kama fundi yuko sahihi utajuaje? Toa plagi, zungusha kwa mkono injini ikiwa ya baridi. Pistoni ikifika juu lazima ibane, uhisi ukinzani, kwa sababu silinda yake imebana kidogo upande wa juu kwa makusudi. Ikipita laini kama haina kitu, na injini ikiwaka baridi lakini ikishapata moto haiwaki tena, hapo pistoni na silinda vimeisha, nitakubaliana naye. Dalili ulizotaja wewe si hizo.

Kutyuni, yaani kurekebisha sindano, kunakuja mwisho. Weka plagi mpya, na mafuta mapya ya nitromethani asilimia 20. Lile galoni la zamani ulilopewa pamoja na gari liache: methanoli hunyonya unyevu hewani, na likishafunguliwa na kukaa, litakudanganya kila siku. Anza na sindano ya mwendo wa juu, ukiwa na mafuta mengi, moshi wa bluu uonekane wazi gari likiwa kasi. Punguza sehemu moja ya nane ya mzunguko kila mara, pitisha gari mara mbili tatu, pima joto kwenye kichwa cha injini. Mimi sipiti nyuzi 130 za Selsiasi. Ndipo uende sindano ya mwendo wa chini: injini ikiwa ya moto na imetulia, bana mpira wa mafuta. Ikiendelea sekunde mbili au tatu, ikapanda kidogo kisha ikazima, iko sawa. Ikizima papo hapo, mafuta ni machache. Ikiendelea muda mrefu, yamezidi. Usinakili vipimo vyangu vya skrubu. Hewa ya huku ya baridi ni nzito na inadai mafuta zaidi, ya Dar haitadai hivyo.

Mambo mawili nasisitiza kwa moyo wote. Methanoli ikishika moto mchana ndimi zake hazionekani, na ikinywewa hata kidogo inaweza kupofusha, kwa hiyo usiihamishie kwenye chupa ya maji au soda. Pili, chaji betri ya risiva (kifaa ndani ya gari kinachopokea amri za rimoti) kila unapotoka. Ikiisha nguvu gari likiwa kasi, rimoti haina sauti tena, na lile ni chuma linalokimbia kuelekea miguu ya watoto.

Ukishazamisha injini kwenye ndoo, piga picha ya mapovu yanapotoka uiweke hapa, nitaiangalia.