Skana kunasa mawimbi ya jirani: yangu nimeipima hivi

Ndugu uliyeuliza kama skana ya mkononi (redio ya kusikilizia mawasiliano ya wengine) inanasa kweli mawimbi ya jirani, yaani ya redio zilizo karibu, bila kuingiziwa masafa, na kama inasikika vizuri ndani ya gari: kunasa, ndiyo. Sauti, ngoja kwanza.

Niko Columbus, Ohio, mwaka wa tatu sasa natembea na skana ya analogi inayokula betri mbili za AA. Kazi hiyo ya kunasa Uniden wanaiita Close Call, RadioShack waliiuza kwa jina la Signal Stalker. Si uchawi. Inavizia tu mawimbi yenye nguvu kuliko mengine hapo ulipo.

Siku ya kwanza nilimpa shemeji redio ya FRS (simu ya upepo ya matumizi ya kawaida) ya wati nusu, azunguke maegesho akihesabu moja mpaka kumi. Hatua ishirini, ikalia palepale: MHz 462.5625, chaneli ya kwanza ya FRS. Hatua mia, ikanasa mara moja kati ya nne. Zaidi ya hapo jamaa alihesabu mpaka koo likamkauka. Nikaingiza masafa yaleyale kwa mkono, nikamsikia kama yuko sebuleni! Kwa hiyo usiihukumu skana nzima kwa unasaji wake.

Kilichonikera ni hali ya hewa. NOAA, redio ya hali ya hewa ya serikali ya Marekani, hurusha saa 24 kati ya MHz 162.400 na 162.550, na mnara ukiwa karibu skana inang'ang'ania hapo. Yangu ilinisomea utabiri wa mvua wiki nzima kabla sijajua kuyafungia masafa hayo. Bendi (makundi ya masafa) usizozitaka zizime. Nikienda uwanja wa ndege naacha ya ndege tu, tena kwenye hali isiyokatiza, la sivyo inachungulia mawimbi ya jirani kila baada ya muda na kumkata rubani katikati ya maneno.

Sasa sauti. Spika yenyewe kama kifuniko cha soda. Walinzi wa maduka, wanaotumia FM, wanatoka safi. Ndege ni AM, na rubani anasikika kama yuko ndani ya debe. Barabara kuu, vioo vikiwa wazi, huambulii kitu. (Na ukivuka kwenda Indiana au Kentucky soma sheria zao kwanza, wanabana skana za masafa ya polisi ndani ya gari.)

Nilichomeka waya kwenye AUX ya gari (tundu la kuingizia sauti), rubani akasikika vizuri. Halafu nikachomeka na chaja: mluzi, unapanda na kushuka kila nikikanyaga mafuta. Nikachomoa chaja, nikarudi kwenye betri zangu mbili.