Kwa mnaoanza kazi ofisi ya ushirikiano wa chuo: anzeni na mwanafunzi atakayerudi

Siku ya kwanza utaoneshwa kabati. Ndani mna majalada ya hati za makubaliano kati ya chuo chetu hapa Tanzania na vyuo vya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na siku hizi Kongo. Nyingine zina sahihi za makamu wakuu wa chuo waliokwisha kustaafu. Mimi nilipoanza nilizihesabu, nikaiweka idadi kwenye ripoti yangu ya kwanza, nikaridhika. Ilipita miaka ndipo nikajiuliza swali lililopaswa kuwa la kwanza: katika hati hizi, ni ngapi zimewahi kumvusha mwanafunzi mpaka, akasoma, akarudi, na alichosoma kikatambuliwa? Zilikuwa chache mno. Ninayowaandikia hapa yote yametokana na swali hilo.

Nianze na kisa kimoja. Kijana wetu alikwenda Uganda muhula mmoja, akafanya vizuri. Akarudi na somo lenye alama 72 na jingine lenye 76. Kule walikuwa wamemwandikia B na B+. Kamati yetu ya mitihani ikazisoma herufi, haikuziangalia namba, ikamwingizia B na B+ kwa vipimo vya hapa. Sasa, Dar es Salaam 70 ni A, na Nairobi vilevile. Makerere, kule Uganda, A huanzia 80. Kijana aliyefanya kazi ya A akashushwa kwa sababu alikubali kwenda kwa jirani. Tulikuja kulirekebisha, lakini kwa miezi mingi na barua nyingi, na wenzake waliokuwa wakijiandaa kuomba nafasi kama hiyo walishaona, wakaacha. Hakuna tangazo litakalowarudisha.

Kwa hiyo kabla mwanafunzi hajapanda basi, kaeni na mratibu wa mitihani wa idara yake mkaandike jedwali la kubadilishia alama, lisainiwe na pande zote mbili, nakala moja apewe mwanafunzi mwenyewe. Ziandikeni pia krediti. Kwetu krediti moja huhesabiwa kuwa saa kumi za kujifunza, yaani darasa, maktaba na kazi za nyumbani kwa pamoja. Chuo kingine kinaweza kuhesabu saa za darasani tu, na somo lililoonekana dogo kwenye karatasi likawa kubwa kuliko la kwetu. Angalieni na mwaka wa masomo. Mkenya aliyepita mfumo wa 8-4-4 aliingia chuo akitoka kidato cha nne na kusoma shahada ya miaka minne. Wa kwetu ametoka kidato cha sita na shahada nyingi ni miaka mitatu. Ukimweka wa mwaka wa pili kwa wa mwaka wa pili bila kufikiri, mmoja atachoka kurudia na mwingine atazama.

Kalenda ndiyo inayoua safari nyingi kimyakimya. Makerere hufungua mwaka wa masomo Agosti. Agosti wanafunzi wetu wengi wako fildi, yaani mafunzo kwa vitendo nje ya chuo, na sisi hufungua Oktoba au Novemba. Anayetakiwa kwenda muhula wa kwanza wa huko inabidi fildi yake isogezwe, na hilo haliamuliwi na ofisi yenu, linaamuliwa na idara. Ombeni mwezi Februari. Mkiomba Julai mtajibiwa kwa upole kwamba muda umepita, na watakuwa wanasema kweli.

Mpakani msikisie. Tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka kati ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania haimo katika utaratibu huo. Wageni wetu kutoka Nairobi wamezoea kwenda Kampala na kitambulisho mfukoni, na wengine wamefika Namanga hivyohivyo wakidhani ni jambo moja. Nimewahi kukaa pale tangu asubuhi mpaka giza, basi limesimama, wasichana wawili wakilia kwa sababu kundi lilitaka kuwaacha. Tangu siku hiyo barua ya mwaliko inayotoka kwangu hutaja pasipoti, au hati ya muda ya kusafiria, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa herufi nzito, ukurasa wa kwanza. Anayekuja kusoma kwa muda mrefu anahitaji kibali cha ukaazi daraja C, muanzishie mapema.

Mtaambiwa kwamba ushirikiano huu ni jambo jipya la Jumuiya ya Afrika Mashariki ya sasa. Si kweli, na ni vizuri mlijue hilo kabla hamjasimama mbele ya kikao cha bajeti. Kuanzia 1963 hadi 1970 palikuwa na chuo kikuu kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, chenye matawi Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, na mkuu wake alikuwa Mwalimu Nyerere. Sheria ilisomwa Dar es Salaam, uhandisi Nairobi, udaktari Makerere. Mtanzania aliyetaka kuwa mhandisi alikwenda Nairobi, na Mganda aliyetaka kuwa mwanasheria alikuja Dar. Hakuna aliyeita hiyo ziara. Ndivyo elimu ilivyopangwa. Chuo kile kiligawanywa 1970, Jumuiya ya zamani ikavunjika 1977, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983. Lakini Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, ambalo makao yake yako Kampala, lilianzishwa 1980, Jumuiya ikiwa imekufa na mpaka bado umefungwa. Kila ninapokata tamaa naukumbuka mwaka huo. Walimu walikataa kuachana wakati serikali zao zilikuwa zimenuniana.

Sasa nije kwenye Kiswahili, maana hapa ndipo chuo cha Tanzania kina kikubwa cha kutoa, na hapa ndipo tunapokosea zaidi. Mahitaji yapo. Rwanda ilikifanya lugha rasmi 2017. Uganda, baraza la mawaziri liliridhia 2022 kifundishwe shuleni kwa lazima. Kongo, Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa. Majirani wanahitaji walimu, vitabu, mafunzo ya ualimu, na wanakuja kwetu. Wanapofika tunawapokeaje?

Nilikuwa darasani siku mwanafunzi kutoka Bukavu, Kongo, aliposimama kujitambulisha. Akasema kwao batu banasema Kiswahili tangu wakiwa batoto. Darasa zima likacheka. Mwalimu naye akatabasamu, akamsahihisha: ni watu, wanasema, watoto. Kijana akakaa. Muhula mzima hakunyoosha mkono tena. Alikuwa amekuja na Kiswahili cha nyumbani kwake, alichokinyonya kwa mama yake, na sisi tukamfanya ajione mgeni ndani ya lugha yake mwenyewe. Lililoniuma zaidi ni kwamba nusu ya waliocheka wanatoka sehemu ambazo Kiswahili ni lugha ya pili, na kule kwao hicho kiambishi ba- wanakitumia kila siku katika lugha zao za asili.

Siku hizi, kabla wageni hawajaingia darasani, nakutana na wanafunzi wetu watakaosoma nao. Nawaeleza kwamba Kiswahili sanifu ni makubaliano ya watu, yaliyojengwa juu ya lahaja ya Unguja katika miaka ya 1930, na kwamba Kiswahili cha Bukavu, cha Lubumbashi na cha Mombasa kina historia yake. Mwanafunzi wa Kongo atafundishwa sanifu, maana ndicho alichokuja kukitafuta. Ila kwanza nampa dakika ishirini alieleze umbo la Kiswahili cha kwao, na darasa liandike. Mada nzuri za tasnifu nilizowahi kuona zimetoka katika dakika hizo.

Usiku wa utamaduni mtauendesha, kila chuo kinaupenda. Ngoma za Burundi zikipigwa uwanjani kwetu watu husimama mpaka juu ya viti, na ni haki yao. Ombi langu ni moja tu: wapigaji wakimaliza wasirudishwe hotelini. Waacheni wale na wanafunzi, walale hosteli walikolala wanafunzi, kesho yake waingie darasani. Kuna kundi lililokaa nasi siku tatu na halikumjua hata mwanafunzi wetu mmoja kwa jina. Tuliwalipia nauli, malazi na jukwaa, wakarudi kwao wageni walewale.

Yaliyobaki nitayataja harakaharaka. Kadi ya bima ya nyumbani haitambuliki hospitali za nchi nyingine, mkatieni mwanafunzi bima ya safari. Mwenye mkopo mwulizeni mapema bumu lake, yaani fedha za kujikimu, litathibitishwaje akiwa nje, asije akalala njaa ugenini kwa sababu ya sahihi. Na kila anayekwenda awe na mwenyeji mmoja, mwanafunzi mwenzake, anayejulikana kwa jina na namba kabla ya safari. Ofisi hufungwa Ijumaa jioni, na shida za mgeni nyingi huanza Ijumaa usiku.

Kwenye droo ya chini ya meza niliyowaachia kuna daftari la kijani. Lina majina ya watu wa upande wa pili wanaopokea simu: karani wa mitihani, dereva, mshauri wa wanafunzi, mama anayegawa vyumba vya hosteli. Baadhi watakuwa wamehama kituo. Anzeni na ukurasa wa kwanza, mpigie kila mmoja, mumsalimie na kumwambia ninyi ni nani, na palipobadilika muandike jina jipya.