Kwa mnaoanza kukaa kwenye sesheni: fidla ibaki kwanza kwenye sanduku

Wadogo zangu, nimejizuia muda mrefu, lakini Ijumaa iliyopita yalinishinda. Kijana wetu mmoja, ndiyo kwanza kafika Ayalandi, kaingia baa kwenye sesheni, yaani duara la wapigaji wa muziki wa asili wa Ayalandi, na bodhrán (ngoma yao ya mkononi) mpya kabisa, kavuta kiti katikati ya mpiga filimbi na mpiga konsatina, kile kinanda kidogo cha kubana kwa mikono, kaanza kutwanga kabla hata ya salamu. Nilipomkonyeza akadhani namhimiza, akaongeza kasi. Kesho yake binti mwingine akanipigia simu kuuliza unajiandikisha wapi ili upangiwe zamu ya kupiga. Hupangiwi, mama. Basi nayaandika yote, msije mkasema kaka yenu alinyamaza.

1. Viti vina wenyewe. Kile kilicho wazi pembeni ya anayeanzisha tuni (kipande cha muziki) huenda ni cha mzee anayekuja kila wiki na leo kachelewa tu. Uliza.

2. Bodhrán ni moja kwa sesheni. Ukikuta ipo, yako isitoke mfukoni. Na ile hoja ya "sisi ngoma tumezaliwa nayo" iacheni nyumbani. Wenyeji watatabasamu kwa adabu, na tabasamu hilo ndilo litakalokupoteza.

3. Usipige tuni usiyoijua. Hapa mniruhusu nikae kidogo, kwa sababu hili nimelilipia.

Mimi nimekulia kwenye fidla ya taarab, Unguja. Mnajua kazi yetu: mwimbaji akimaliza ubeti sisi tunajibu, tunajaza pale alipopumua, na fundi anajulikana kwa majibu yake. Nikaenda Miltown Malbay, kaunti ya Clare, mwezi wa saba, wiki ile ya shule ya muziki ya Willie Clancy, mji mzima umejaa wapigaji hadi kwenye ngazi za maduka. Nikakaa kwenye duara moja, mzee wa flutu ya mbao akaanzisha rili, tuni ya dansi ya mwendo wa kasi. Sikuijua. Lakini ufunguo niliusikia, D, na sikio langu nililiamini kupita kiasi. Nikaanza kujibu.

Tatizo ni kwamba rili haina mahali pa kujibiwa. Sehemu ya kwanza mara mbili, ya pili mara mbili, unarudi mwanzo, na noti hazikatiki. Kila chombo kinapiga melodia ileile, na urembo unafanyika ndani yake, kwenye kidole na kwenye pumzi. Mimi nikawa naingiza vijibu vyangu juu ya noti za mzee, na kuteleza kwa kidole kwa kule kwetu, na robo sauti ambazo konsatina haina hata kitufe chake. Tuni ilipoisha mzee akanigeukia, mpole kabisa, akasema: "Tuni yako nzuri. Inaitwaje?"

Nami nikafurahi! Nikamwambia mzee, nilikuwa nakufuata wewe tu. Akatikisa kichwa, akasema aa, sawa. Seti iliyofuata nikajibu kwa nguvu zaidi.

Baada ya hapo akaifungua flutu yake vipande vipande, akapitisha kitambaa ndani ya kila kipande, akavipanga kwenye kisanduku na kuanza kuzungumza habari za mechi ya hurling, mchezo wao wa magongo. Ilikuwa bado mapema. Banjo ikawekwa chini ya kiti. Mpiga fidla wa pili akaenda kuagiza kinywaji na hakurudi. Mimi, masikini, nikaona wamechoka, wamenipisha. Nikapiga bashraf nzima, ule muziki wa taarab wa ala tupu, peke yangu. Wakapiga makofi, naam, wale ni watu wa adabu.

Mama mmoja wa konsatina ndiye aliyenifuata nje. Akaniambia: "Kesho njoo ukae karibu nami. Fidla iache." Usiku ule sikulala kwa hasira, nikijiambia hawa hawajui muziki. Lakini nilikwenda. Nikakaa mikono mitupu, naye kila tuni ilipoanza alikuwa ananinong'oneza ni rili au jigi au slaidi (aina za tuni za dansi), na imetoka kwa nani. Yule mzee mpaka leo akiniona huniuliza kama tuni yangu imeshapata jina.

4. Kila tuni kwa kawaida hurudiwa mara tatu, kwa hiyo hata usiyoijua unapata nafasi tatu za kuisikia, zitumie.

5. Anzeni na watu, si na bendi. Najua wengi mmeingia kwa mlango wa Chieftains au Planxty, na si mlango mbaya, lakini pale kila kitu kimeshapangwa. Msikilizeni Michael Coleman, mzaliwa wa Sligo, 1891, aliyehamia Marekani akarekodi sahani za santuri New York miaka ya 1920. Sahani zile zikavuka bahari kurudi kwao, na vijana wa kaunti nyingine wakaacha upigaji wa baba zao wakamwiga yeye. Mkishamjua Coleman, nendeni Sliabh Luachra, mpakani mwa Cork na Kerry, kwa Pádraig O'Keeffe aliyefundisha akizunguka nyumba kwa nyumba, na wanafunzi wake Denis Murphy na Julia Clifford, kaka na dada: polka zao zinainua miguu. Kisha John Doherty wa Donegal, upinde mkali, karibu kila noti na pigo lake. Halafu Martin Hayes wa Clare mashariki, asiyeharakishwa na mtu. Baada ya hao wote mkirudi kwangu kusema "muziki wa Ayalandi ni uleule tu" nitawanyang'anya fidla.

6. Yule wa kwenye baa atakayewaambia kwamba haya yote yamebaki vilevile tangu enzi na enzi, mwonyesheni bouzouki mezani, kile chombo cha nyuzi chenye shingo ndefu. Ni ya Ugiriki, na Johnny Moynihan ndiye aliyeiingiza kwenye muziki huu miaka ya 1960. Hata huu mtindo wa kukusanyika baa ulishamiri London baada ya Vita Kuu ya Pili, kwa vibarua wa ujenzi waliotoka vijijini, walikozoea kupiga jikoni nyumbani, na hawakuwa tena na jikoni la kupigia. Sisi wa ughaibuni tunaielewa habari hiyo bila kuhadithiwa.

7. Mtu akianza kuimba sean-nós, uimbaji wao wa kale wa sauti tupu, kila kitu kinasimama. Hapigiwi chombo. Anafumba macho, na mara nyingine jirani humshika mkono na kuuzungusha polepole mpaka wimbo uishe. Juzi nimemwona mmoja wenu anatafuta kodi (chords) za gitaa chini chini wakati huo. Chini chini! Tulimsikia wote.

8. Omba ruhusa kabla ya kurekodi kwa simu.

9. Hela mnazotaka kununulia fidla ya pili, nendeni nazo Miltown Malbay mkasome. Na kama hamna hela kabisa, maktaba ya muziki wa asili ipo Merrion Square, Dublin, kuingia ni bure, rekodi zipo na wahudumu watawatafutia. Chukueni kalamu, na chipsi mle kabla ya kwenda.